Isale Mezani kwa Afisa Utumishi

Kamati ya vijana ya usharika wetu imeniletea barua. Wanataka niende Jumapili moja baada ya ibada nikawaeleze vijana wasio na ajira namna ya kutokata tamaa, na namna ya kujifunza kutokana na kushindwa. Barua imeandikwa vizuri, ina mhuri, na imeniita "mzee wetu mwenye uzoefu". Kabla yangu atazungumza bwana mmoja kutoka mjini ambaye kazi yake, kama nimeelewa sawasawa, ni kuzunguka akiwaambia watu wasivunjike moyo. Nilisoma nikacheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nitawajibu kwa maandishi, maana nikisimama pale mbele nitasema uongo. Kila mzee anayesimamishwa mbele ya vijana husema uongo uleule. Anasema alihangaika, akavumilia, akamwomba Mungu, akapata. Hapo katikati, kati ya kuvumilia na kupata, anaruka. Mimi nataka kuandika kile kipande kinachorukwa, na atakayechukia na achukie.

Nilimaliza kidato cha nne miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kwetu ni Old Moshi, huku juu, na mimi ni wa tatu kati ya watoto wa kiume watano. Kwa mtu wa pwani au wa Ziwa hiyo ni hesabu tu ya watoto. Kwetu ni hukumu. Mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo mtu hujenga na kuzikwa humo humo. Kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka. Wa katikati hupewa baraka. Mimi nilipewa baraka na cheti cha kidato cha nne, na baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, akaniambia niangalie mwenyewe kipi kati ya viwili hivyo kinapandika migomba.

Serikali nayo ilikuwa na jibu lake kwa watu wa aina yangu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na orodha ya wasio na ardhi, ambao wangepakiwa kwenye lori na kupelekwa kuanzisha kijiji kipya huko Mpanda, kwenye misitu ya mbung'o, safari ya siku nyingi. Kwenye mikutano walituimbia jinsi ardhi ya kule ilivyo nyeusi. Aliyekuwa akituimbia alikuwa na vihamba viwili, na wala hakuwa na mpango wa kwenda kuiona hiyo ardhi nyeusi. Baba alikwenda mwenyewe kuandikisha jina langu. Aliporudi aliniambia kwamba lori litakuja mvua za vuli zikikatika, na kwamba nikipata barua ya ajira kabla ya siku hiyo, balozi atalifuta jina. Kwa hiyo nilikuwa na miezi minne hivi.

Barua zangu za maombi nilichapiwa na mzee mmoja wa Kiismaili aliyekuwa na duka la karatasi na kalamu karibu na soko la Moshi. Mashine yake ilikuwa na herufi moja iliyokatika mguu, kwa hiyo barua zangu zote zilichechemea. Alikuwa na Kiswahili kizuri na uso usiocheka. Kila niliporudi dukani kwake baada ya kukataliwa mahali, aliingiza karatasi kwenye mashine, akakunja mikono ya shati, akaniuliza, "Haya, kijana, leo tubadilishe nini?" Wakati ule nilidhani ananihurumia. Sasa najua alikuwa anaburudika.

Mlango wa kwanza ulikuwa ghala la kahawa. Waliniita kwenye usaili, nikavaa shati la kaka yangu, nikaulizwa kwa nini natamani kufanya kazi pale. Nikasema kweli. Nikasema mimi ni mtoto wa katikati, sina kihamba, nisipopata kazi napelekwa Mpanda. Mabwana watatu waliokaa nyuma ya meza, wote Wachagga, wote wanaojua vizuri ninachokisema, walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta macho. Yule wa katikati akaniambia idara ya ardhi iko jengo la pili. Niliteremka ngazi nikijiambia kwamba nimejifunza: mwajiri hataki kusikia shida zako, anataka kusikia utamfaa nini. Nadhani hata yule bwana wa kutoka mjini angenipigia makofi kwa somo hilo.

Basi mlango wa pili, hospitali moja iliyotafuta karani wa stoo, nilikwenda nimelikariri somo. Mama mtu mzima, muuguzi mkuu, aliniuliza swali lilelile. Nilimweleza kwamba nataka kulitumikia taifa changa, kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, na kutoa mchango wangu katika ujenzi wa nchi ya kijamaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono amepakata. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tunatafuta mtu wa kuhesabu mashuka." Nikatoka nimejifunza somo la pili, kwamba mtu asijikweze, aombe kidogo.

Mlango wa tatu ulikuwa karakana ya mbao upande wa Rau, ya Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe na mikono iliyojaa makovu ya msumeno. Safari hii nilijishusha mpaka chini. Nilimwambia niko tayari kufanya kazi yoyote, yoyote ile, hata kufagia maranda. Akaniuliza naweza nini. Nikasema chochote. Akanitazama kama anavyotazama ubao wenye kidonda, akaniambia nirudi siku nitakapojua ninaweza kipi, kisha akawasha msumeno ili nisije nikajibu. Somo la tatu, nikajiambia njia nzima kupanda nyumbani, ni kwamba mtu ajiamini. Ajitaje. Aseme anachokiweza bila kuogopa uso wa mtu.

Vijana mnaosoma hapa mnaona jinsi nilivyokuwa mwanafunzi hodari. Kila kushindwa kulinifundisha jambo, na kila jambo nililofundishwa lilinifukuzisha kwenye mlango uliofuata. Laiti ningekuwa mjinga kidogo, nikabaki na majibu yaleyale kila mahali, huenda bahati ingenipitia siku moja mlango ukiwa wazi. Lakini mimi nilikuwa nasoma, na mzee wa dukani alikuwa anabadilisha barua, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza.

Mlango wa nne ulikuwa shirika la umma ambalo siku hizi halipo. Lilikuwa na jengo la ghorofa moja, maua ya kupandwa mbele, uzio wa seng'enge uliozungukwa na masale, ile mimea ya mipakani ya kwetu, na watu wengi waliotembea polepole wakibeba karatasi mojamoja. Mwenye kauli juu ya ajira alikuwa afisa utumishi, mtu wa pwani, wa Tanga huko, mnene kiasi, msafi sana, mwenye suti ya mikono mifupi ya kijivu waliyovaa wakubwa wote wa siku zile. Barua yangu ilisema kwamba naweza kupanga mafaili, kuandika hati nzuri na kutunza kumbukumbu. Niliitwa nifike saa mbili asubuhi.

Nilifika saa moja na nusu. Nilionyeshwa benchi kwenye ukumbi, nje ya mlango wake. Nilikaa hapo mpaka saa tisa na nusu ofisi ilipofungwa. Kila alipopita alisema "subiri" bila kugeuza shingo. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilijua idadi ya vioo vya dirisha na ni kipi kina ufa. Nilijua chai yake inapelekwa saa ngapi, kwa sababu mhudumu wake, yaani yule tarishi aliyepeleka chai na mafaili, alikuwa mtu wa kwetu, anasali usharika mmoja na sisi, na kila akipita na sinia alinitupia jicho la pole. Huko nyuma ya mlango nilisikia kazi inayofanyika. Lilikuwa gazeti likifunguliwa.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mhudumu alitoka na kikombe kitupu akauacha mlango wazi. Nikamwambia, tena si kwa kunong'ona, "Kama kazi ya ofisi hii ni kukalisha watu, mimi nimeshahitimu. Mwambie anipe barua yangu." Gazeti likanyamaza. Afisa akaja mlangoni mwenyewe, akaniuliza nimesemaje. Hapo mtu mwenye akili angesema hajasema kitu. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza kutoogopa uso wa mtu, basi nikarudia neno kwa neno, nikaongeza na siku nilizokaa. Alirudi mezani, akafungua faili langu, akaandika kwa kalamu nyekundu, akamwambia mhudumu anifikishe getini.

Kufika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa miguu gani, maana mhudumu aliendelea na kazi mpaka jioni. Baba alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba. Hakuacha. Alinisemesha kwa Kichagga, sauti ya chini, kwamba nimemtukana mtu mezani kwake, na mtu huyo ni mgeni katika nchi yetu. Neno kazi hakulitaja kabisa. Nilimweleza habari za benchi. Akasema benchi halijaua mtu. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa afisa, kwa sababu afisa angalau hakujifanya kwamba suala lilikuwa adabu.

Asubuhi nilimkuta amevaa suti yake nyeusi ya meza ya Bwana, amesimama mpakani mwa kihamba, anakata isale, yaani jani moja la masale. Wageni huuona mmea ule wakadhani ni ua tu, majani marefu membamba yaliyopandwa mipakani. Ndiyo ua, na ndiyo mpaka wenyewe, na ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo huku mlimani. Ukimkosea mtu kosa zito, jani la isale hufungwa fundo, mzee akakuongoza, ukapelekwa kwa uliyemkosea. Akishawekewa isale mbele yake hana njia, husamehe. Wachungaji wetu wamehubiri dhidi ya pombe, dhidi ya matambiko, dhidi ya nguo fupi. Dhidi ya isale sijasikia wakihubiri, na kila mmoja wao ameipanda mpakani kwake.

Tukateremka kwa miguu, baba mbele na jani lake mkononi ameliviringisha kwenye leso safi, mimi nyuma nimenuna. Nilijua ni upuuzi. Lakini nilijua pia lori limebakiza wiki tatu, na sikuwa na mlango wa tano. Mhudumu alipoona leso aliinua nyusi, akatuingiza bila hata kubisha hodi.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea, maana chumba kizima tulikuwa wanne na kila mmoja aliona lake. Baba aliamkua. Afisa alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na alitoa shikamoo kama mtu aliyelelewa. Baba akaikunjua leso, akaliweka jani lenye fundo katikati ya meza, juu ya karatasi zake. Akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kanisani, kwamba huyu ni mtoto wake, amekosa adabu, na yeye kama baba amekuja na isale.

Afisa akauliza ni nini hiyo.

"Ni ya kwetu hapa," baba akasema. "Mtu akiletewa, hakatai. Akikataa, mambo yake hayaendi vizuri. Yeye, na nyumba yake, na watoto wake."

Baba alikuwa anafafanua mila kwa mgeni, kwa heshima zote, kama mtu anavyomweleza mgeni kwamba hapa viatu huvuliwa. Ndivyo tulivyofundishwa kila mmoja wetu tangu utotoni, na ni kweli tupu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikauona uso wa afisa, na nikaona kwamba mtu huyu ametishwa. Ameingiliwa ofisini na mzee mwenye suti nyeusi, amewekewa dawa iliyofungwa fundo juu ya mafaili ya serikali, akaambiwa watoto wake watapatwa. Aliiondoa mikono mezani akaiweka mapajani. Sisi mlimani tuliamini uchawi wote wa nchi hii umelundikana pwani, na mama zetu walikataa kupokea hata embe kutoka Tanga. Kumbe huko pwani nao walikuwa na mlima wao wa kuogopa.

Kulikuwa na sentensi moja ya kusema. Ningeweza kusema, ndugu afisa, hili ni jani la kuomba msamaha, si kitu kingine. Nilikuwa nayo mdomoni, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko cha baba. Nilimtazama mhudumu, naye alikuwa ameelewa kama mimi, akawa anatazama dirisha lenye ufa. Nikafunga mdomo.

"Yamekwisha, mzee," afisa akasema. "Yamekwisha kabisa. Mimi sina neno na kijana."

Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea heri, akatoka nje amenyooka mgongo. Njia nzima ya kupanda alimsifu. Alisema watu wanawasema vibaya watu wa pwani bure, kwamba yule ni muungwana, amesamehe kabla hata maneno hayajaisha. Mimi nilisema ndiyo, baba.

Mhudumu ndiye aliyenisimulia Jumapili, nyuma ya kanisa, akijishika mbavu. Jani halikuguswa kwa mkono. Liliondolewa kwa kizoleo cha taka, likachomwa moto nyuma ya jengo, na meza ikafutwa kwa maji ya chumvi. Kisha afisa alifunga mlango akamuuliza mhudumu kwa sauti ya chini kama kuchoma kunatosha, na kama kitu kile kina muda. Mhudumu alifikiri kidogo akamjibu kwamba inategemea mzee mwenyewe atakavyoridhika. Tulicheka sana. Barua ya ajira ilitoka siku tatu baada ya siku ile ya jani. Balozi akalifuta jina langu kwenye orodha, na lori likaja likaondoka na kijana mwingine wa katikati, wa ng'ambo ya mto, ambaye baba yake hakuwa na la kuombea msamaha.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Si kwa uvumilivu. Niliajiriwa karani wa masjala, yaani mtunza mafaili, na siku ya kwanza nilionyeshwa kabati la chuma lililojaa barua za maombi ya kazi za miaka yote, nyingine hazijafunguliwa, kadhaa zikiwa na ile herufi iliyokatika mguu. Nilitafuta faili langu mwenyewe. Kwa kalamu nyekundu palikuwa pameandikwa "Hana adabu". Maneno hayo yalikuwa yamepigwa mstari, na chini yake, kwa kalamu ileile, "Anafaa". Niliwahi kumwonyesha mzee wa Kiismaili nakala. Aliitazama kitambo, akasema mabadiliko hayo yeye asingeweza kuyachapa.

Nilikaa chini ya afisa yule miaka saba. Katika miaka yote hiyo hakunipa mkono. Tukikutana kwenye korido alinipisha. Nikiomba likizo nilipewa kabla sijamaliza kuomba. Kila Jumatatu asubuhi aliniuliza, bila kunitazama machoni, "Mzee hajambo? Ameridhika?" Nikamjibu hajambo, ameridhika. Jioni nilipeleka salamu hizo nyumbani na baba akafurahi kwamba mtu mkubwa vile anamkumbuka. Kila Krismasi baba alimpelekea mkungu wa ndizi, na yeye akashukuru kwa barua. Ndizi zilikwenda kwa mhudumu, ambaye alizila zote akasema hajawahi kuona mkungu wenye bahati kama ule. Nilipopandishwa cheo kuwa mkuu wa masjala, niliwapita wawili waliokuwa na sifa zaidi yangu. Nilijua. Wao pia walijua, ila walidhani ni ukabila, au ni dini, au ni chama. Walimfikiria afisa kila baya isipokuwa lile lililokuwa kweli, kwamba mtu yule alikuwa anaishi na hofu.

Mimi nilijiona mjanja. Nilijenga Rau, kwenye kiwanja cha mji, na nikapanda masale kuzunguka kama kila mtu wa kwetu. Wadogo wa ukoo walipoletwa kwangu niwape moyo juu ya kutafuta kazi, niliwaambia wavumilie, wajifunze kutokana na makosa, Mungu yupo. Niliruka kile kipande. Tayari nilikuwa mzee wa kuitwa na kamati, ila mvi ndizo hazijaota.

Kisha afisa akahamishiwa kusini. Tukamfanyia tafrija ya kumuaga kwenye kantini, mchana, pilau na soda, na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye karatasi. Kabla ya hotuba alinifanyia ishara kwa kidevu, nikamfuata nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji. Alisimama mbali nami hatua tatu. Alikuwa amekonda siku zile, nilikuwa nimeona, sikuwa nimejali.

Alisema anajua kwamba sasa anaondoka, na ananiomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Alisema tangu siku ile mke wake amepoteza mimba tatu hapa Moshi. Amempeleka hospitali, amempeleka kwao, amesoma dua, ametoa sadaka. Hajamweleza mtu sababu, hata mke mwenyewe. Hakunilaumu, alisema, kwa sababu alinikalisha benchi siku tatu na hilo lilikuwa kosa. Lakini siku ileile alikwisha kusema yamekwisha, na kazi alinipa, na cheo alinipa. Alitaka nimwombe baba yangu aliondoe jambo hilo kabla yeye hajafika huko kusini.

Sijui kama nimewahi kujidharau kama nilivyojidharau pale. Nilimwambia hakuna cha kuondoa. Nilimwambia lile lilikuwa jani la kuomba msamaha, hatuna lingine, na baba anamwombea kila Jumapili kwa jina. Nilimwambia mimba za mkewe hazina uhusiano hata chembe na sisi. Yote niliyasema haraka haraka, na ilikuwa ileile sentensi moja, ambayo nilikuwa nimeibana mdomoni miaka saba.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye koki ya tangi.

"Siku ile ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta kazi," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la usaili. "Kazi nilikupa wiki ileile," akasema. "Hii miaka saba ulikuwa unatafuta nini?"

Akajifuta uso kwa leso, akarudi ndani walikokuwa wanamngoja wampe saa yake, nikasikia wanapiga makofi. Mimi nilibaki kwenye tangi. Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi. Lakini mimi ni mtu wa mlimani, na kwa kosa zito kiasi kile najua njia moja tu: unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea, jani kama lile alilolichoma moto. Masale yalikuwa palepale kwenye uzio, hatua kumi kutoka niliposimama, yamestawi kwa maji ya ile koki. Niliyatazama mpaka makofi yakaisha. Kisha nikanawa mikono, nikaingia ndani, nikapanga foleni ya pilau na wenzangu.